Kitanda cha Sentimita Sitini na Tano

Tarehe 3 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na goti limekupa nafuu. Mimi mzima, ni uchovu tu.

Nataka kununua gari la kulala ndani. Usicheke kwanza. Kazi yangu ya kukagua mizani unaijua: leo niko kwenye kinu cha unga, kesho zahanati, keshokutwa ghala la simenti, na kila mahali napanga mawe yangu ya kupimia juu ya mizani ya watu kuona kama inasema kweli. Tangu mume wangu aondoke, mwaka na miezi minane sasa, sijapanga nyumba. Nalala gesti. Juzi asubuhi nilipapasa ukuta wa kushoto nikitafuta swichi ya taa, kumbe ile ilikuwa gesti ya wiki iliyopita.

Njia ziko mbili. Kuna gari-nyumba lililotoka kiwandani likiwa tayari: vitanda viwili, viti vinne, meza ya kukunja, jiko, tangi la maji. Unapewa ufunguo unaondoka. Au ninunue vani tupu, fundi aijenge ndani kwa vipimo vyangu mwenyewe. Wewe umeshona viti na magodoro ya magari maisha yako yote. Ungekuwa mimi ungechukua lipi?

Nijibu kwa sanduku la posta la ofisi, wananipelekea popote nilipo.

Mjukuu wako

*

Tarehe 14 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, na nyingine weka akiba. Goti linauma. Ni langu, nimelizoea, usiniulize tena mpaka Juni. Wewe je, unakula? Usiniambie "nakula Bibi." Niambie nini.

Umefanya vizuri kuandika. Kwenye simu wewe mjanja: "sijambo Bibi, mtandao mbaya Bibi," puu, umekata. Barua haikatwi. Na mimi shule sikuikanyaga hata kwa kupotea njia, herufi nilifundishwa na babu yako kwa chaki juu ya meza ya kukatia, kwa hiyo ukiona mistari yangu inapanda kilima, panda nayo.

Sasa gari. Miaka arobaini na moja nafumua viti vya kiwandani, navijua mpaka tumboni. Juu kitambaa kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi, chini sponji ya kukudanganya mwaka mmoja, halafu unakalia mbao. Mshono wenyewe wa uzi mmoja: vuta ncha, unamwagika wote kama siri ya mlevi.

Kiwanda hakijawahi kukuona. Hakijui kwamba wewe mfupi kama kituo cha sentensi na unalala ubavu mmoja umejikunja. Chukua vani tupu, tafuta fundi. Fundi wa kweli utamjua, anauliza kuliko anavyojibu. Akikwambia "niachie mimi tu, dada," kimbia.

Yule bwana aliyeondoka simtaji. Alikuwa sponji.

Ukipata mchoro niletee niuone.

Bibi yako

*

Tarehe 9 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Mimi sijambo. Nakula: mkate, mayai, ndizi. Umeridhika?

Fundi nimempata, na anauliza kweli. Wenzake wanamwita Sentimita. Alinipima mkono kutoka begani, akanipima nikiwa nimekaa, akaniambia nilale sakafuni pale karakana ili aone nalala vipi, mbele ya wachomeleaji wawili waliokuwa wanakula. Mmoja akasema, "Mwacheni mgeni apumzike." Nilicheka, Bibi. Nikashangaa kusikia sauti yangu.

Mchoro huo hapo ndani, kila kitu kina kipimo chake. Kitanda sentimita sitini na tano kwa mia moja sitini na tano, kiko ubavuni. Jiko la moto mmoja. Rafu ya sahani moja, msumari wa kikombe, sanduku la viatu. Mawe yangu ya kupimia ni kilo mia mbili arobaini na lazima yakae chini, yasibiringike. Sentimita akashauri tung'oe kiti cha abiria, sanduku lao likae pale mbele karibu na mlango. Kwenye lile la kiwandani yasingepata pa kukaa.

Mara tatu aliniuliza, "Na mwingine atakaa wapi?" Mara tatu nikamwambia hakuna mwingine, andika.

Anaanza kukata mbao tarehe mosi Mei. Nimekusikiliza wewe, umeona?

Mjukuu wako

*

Tarehe 17 Aprili

Mke mwenzangu,

Hujambo. Mimi sijambo, ila nina hasira, kwa hiyo kaa chini kama una pa kukaa.

Mchoro wako nimeuchora kwa chaki sakafuni mwangu, kipimo kwa kipimo, kati ya meza ya kukatia na mlango. Nimekaa ndani yake siku mbili. Nimepika humo, jiko langu nimelisogeza. Nimekunywa chai kwa kikombe kimoja. Jana akaingia yule kinyozi jirani kuleta mto wa kiti chake, nikamfokea, "Umepita kwenye ukuta wa watu!" Akaruka. Nikamweleza hii ni nyumba ya mjukuu wangu. Akatazama pale chini, akazunguka yote kwa hatua nne, akaniuliza pole pole, "Kafungwa miaka mingapi?"

Nimemfukuza, lakini hakukosea.

Nilikwambia uchukue fundi. Nimekosea, na mimi kusema hivyo huwa natoka jasho. Fundi wako ni hodari, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kakupima ulivyo leo. Leo wewe ni mtu aliyeachwa, basi kajenga nyumba ya mtu aliyeachwa, akaipigilia misumari. Umeng'oa hata kiti cha abiria! Ukimkuta mtu kasimama kwenye mvua utampakia wapi, juu ya mawe?

Kiwanda hakijui huzuni yako. Kimeweka vitanda viwili na viti vinne kwa sababu kinadhani kila mtu ana watu. Kiache kiwanda kidhani hivyo. Sponji nitaitoa mimi, nitakutilia pamba. Mawe weka chini ya kile kitanda cha pili, kipimo chake nakijua, yanaingia.

Na nikwambie kitu ambacho hata mama yako sikumwambia. Babu yako alipofariki, godoro letu lilikuwa la futi tano, tulilishona wawili. Siku ya arobaini na moja nikachukua mkasi wangu wa kazi nikalikata katikati. Pamba ya upande wake nikaitia kwenye viti vya basi, nikaubana mshono vizuri, na kitanda nikakiitia seremala akipunguze. Nilijiona nimefanya jambo la akili. Chumba kilipata nafasi! Mwaka uliofuata mama yako akaja na wewe, hapakuwa na pa kulala. Mkalala juu ya magunia siku moja, mkaondoka. Hakuna aliyelala kwangu tena, na ni mwaka wa ishirini na tatu huu. Watu hawakunikataa. Mimi ndiye niliyewapunguza kwa mkasi.

Mwambie huyo Sentimita aache. Chukua la kiwandani. Bado siku kumi na nne.

Bibi yako

*

Tarehe 2 Juni

Bibi,

Shikamoo. Ni Juni, kwa hiyo nakuuliza: goti linaendeleaje?

Gari limekwisha. Ni zuri sana. Nikiendesha hakuna kinacholia ndani, hata kijiko. Nikinyoosha mkono kila kitu kipo mwisho wa vidole.

Sitakudanganya kwamba barua yako ilichelewa. Ilifika tarehe ishirini na tatu Aprili, nikaisoma kwenye ngazi za posta, nikaikunja. Nilikuwa na wiki nzima ya kumzuia fundi na sikumzuia.

Ile siku ya magunia naikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Hukutuambia hapana nafasi. Asubuhi ulitufungia mkate kwenye kitambaa, ukamwambia mama, "Mtapitwa na basi." Basi lilikuwa la saa nane mchana. Tulikaa stendi tangu saa mbili, mama ananiambia Bibi ana kazi nyingi. Tangu siku hiyo hujawahi kuniambia "njoo ulale." Unaniambia nile, nivae sweta, nimsahau yule bwana. Sasa unaniambia niweke kitanda cha pili. Cha nani, Bibi? Nani amenifundisha kuishi na kikombe kimoja?

Samahani kama nimekuvunjia heshima. Lakini barua haikatwi, ulisema mwenyewe.

Mjukuu wako

*

Tarehe 11 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Nimeisoma mara tatu. Hujanivunjia heshima. Lile basi nilijua ni la saa nane.

Njoo.

Bibi yako

*

Tarehe 20 Julai

Mjukuu wangu,

Hujambo huko uliko? Naandika bila kujibiwa, kama mtu anayepiga hodi nyumba isiyo na watu. Ofisini kwenu nimepiga simu. Karani kaniambia uko njiani. Njia gani hakujua. Nikamwambia, mwanangu, wewe ni karani wa nini sasa?

Hapa sijambo. Chaki ya gari lako sijaifuta, nafagia kuizunguka. Wateja wamejifunza kupita mlangoni mwake.

Sweta unalo?

Bibi yako

*

Tarehe 29 Agosti

Mke mwenzangu,

Barua hii haina stempu. Nimeibana kwenye wapa ya kioo chako cha mbele wakati umekwenda na ndoo bombani. Mzee mzima nanyata nje asubuhi na karatasi kama mwizi wa kuku, kinyozi kaniona, kageukia wembe wake, nampa heshima yake.

Siku ya tatu leo uko hapa. Unasema umekuja kukagua mizani ya ghala la pamba. Sawa, na mimi nakubali kwamba mtu husafiri siku mbili kwa mizani moja. Asubuhi unakunywa chai mlangoni kwangu umesimama. Jioni unasema, "Haya Bibi, nalala kwangu." Unavuta ule mlango wako, mimi navuta wangu. Nimehesabu kwa miguu, ni hatua kumi na mbili. Humu ndani nina kitanda kinachonitosha mimi, humo ndani una kinachokutosha wewe, na katikati ni vumbi.

Jana uliponikaribisha ndani niliingia nikakosa pa kuweka mwili. Wewe juu ya kitanda magoti kidevuni, mimi nimesimama nimeshika fremu ya mlango kama kondakta. Tukacheka. Halafu ukatazama pembeni, na mimi nikajifanya naangalia mishono. Mishono mizuri, ni kweli. Huyo Sentimita nilimlaani mwezi wa nne, laana naiondoa. Gari usilibomoe. Sitaki ubomoe kitu kwa ajili ya maneno yangu, nimekwisha kukuambia maneno mengi na mengine sikuwa na haki nayo.

Ila mimi yangu nabomoa. Ile saa uliyokuwa ghalani jana nimeleta pamba magunia mawili, na kitambaa cha milia cha futi tano. Nimeshona ganda, nimeshindilia, nimefunga mdomo. Limelala juu ya meza mbili zilizoachana hapa ndani, limejaa kama mbuzi mwenye mimba.

Sasa nimekwama, na sikuandikii hili kwa ujanja. Godoro lisipochomwa katikati pamba hukimbilia pembeni. Sindano ni ndefu kama mkono wako. Naipenyeza kutoka juu, na chini ya meza lazima awepo mtu wa kuipokea, aikaze, airudishe juu. Babu yako alikuwa anakaa chini, pamba imemjaa kichwani, ananitukana kila nikimchoma. Baada yake nimeshona madogo tu, ya kugeuza mwenyewe. Hili siwezi kuligeuza. Tangu alfajiri nimepitisha sindano mara moja, inaning'inia huko chini na uzi wake, na goti langu haliniruhusu kuinama niifuate.

Matundu ni thelathini na sita. Ndoo iache hapo hapo.

Mlango uko wazi. Usinijibu kwa barua.

Bibi yako