Majivu ya Mama Mazu

Bixia! Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni.

Ule mfuko mwekundu wa mume wangu Jinbiao, wenye majivu ya ubani wa hekalu la Mama Mazu, mungu wa bahari, ule babu yake alivuka nao bahari hadi Manila. NIMEUFUA. Ulikuwa ndani ya shati. Nimeukuta kwenye mashine umenywea, hauna hata chembe.

Na yeye ndiyo anatoka kwenda kuvua! Ningefanyaje? Nikaukausha kwa pasi, nikaujaza majivu ya dawa ya mbu, nikaushona. Akauvaa shingoni, akaondoka anapiga mluzi.

Majivu ya dawa ya mbu, Bixia.

Sasa mama mkwe karudi kutoka hekaluni, mimi nakaanga chaza na mayai. Ananiambia kwa upole, UPOLE jamani: "Nimerusha vile vibao viwili vya ramli, nikamuuliza Mama kama anamlinda mwanangu. Amekataa."

Nikasema labda vimeanguka vibaya.

"Nimerudia na kurudia. Amekataa."

Chaza zikaungua. Upepo nje unabamiza madirisha, na simu ya Jinbiao haipatikani.

Akaendelea: "Nikamuuliza, shida ni mashua? Hapana. Ni mwanangu? Hapana. Nikamuuliza, shida iko jikoni kwangu?"

 Akazima jiko kwa mkono wake mwenyewe.

"Vaa viatu, mkwe wangu. Safari hii utarusha wewe, na mimi nitasimama pembeni nikuangalie."

Nikasema ngoja niende chooni kwanza.

Bixia, anagonga mlango. Bado kwa upole.