Jina Moja kwenye Orodha

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zetu. Sisi wazima, mgongo tu unanisumbua, nao si mgeni. Huko posta kazi inaendaje? Unakula vizuri?

Umesikia wameongeza kodi ya nyumba? Sasa ni kila paa, hata la jiko, hata la banda la kuku! Tumekubaliana kijiji kizima: halipi mtu, wala hapigwi mtu. Wanatoza paa? Haya, tunaezua. Mimi niliyeyaezeka yote ndiye ninayeyashusha. Mama yako anapika juani, anasema hatimaye nimemjengea nyumba yenye hewa.

Baba yako

19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Hapa mjini wanasema wasiolipa watapelekwa kuvunja mawe barabarani. Kwa mgongo huo, Baba? Nakusihi, lipa wewe tu. Wengine watajijua.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. "Wengine watajijua" ndiyo maneno gani? Silipi. Kama unanipenda, usiniombe tena.

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Usinikasirikie. Nimelipa hapa mjini kwa jina lako, mshahara wangu wa miezi miwili. Risiti ninayo mimi, hakuna atakayejua.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Mama yako mzima. Mimi, sijui nikuambieje.

Jumatatu walituita uwanjani. Tukaketi chini, kijiji kizima, kimya. Karani akapanda juu ya meza asome majina ya waliolipa. Lilikuwa moja tu. Langu. Niliapa kwamba si mimi niliyelipa, mpaka sauti ikakauka, lakini nani angeniamini? Kufika jioni, wengi walikuwa wamepanga foleni kulipa.

Ishirini na sita waligoma, wamefungwa. Mjomba wako yumo. Nikaenda gerezani nifungwe nao. Askari akacheka: "Mzee, wewe hudaiwi. Nenda nyumbani!"

Kila asubuhi nakaa pale langoni. Wakitolewa kwenda kuvunja mawe wananipita. Jana mjomba wako alinitazama, akatema mate. Mvua zimeanza, watu wanaezeka upya. Wamemwita fundi mwingine.

Najua ulifanya kwa kunipenda, ndiyo maana sina hata wa kumlaani. Usije mpaka nikuite.

Baba yako

11 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tano bila jibu lako. Nimesikia mjomba amefia barabarani, na kwamba mazishini ulisimama mbali, peke yako.

Niite, Baba. Hata kama ni kuja kunichapa, niite.

Mwanao