Kinanda Kirudi Kama Kilivyokuja

Misiera, Nakivale
Jumamosi, 17 Novemba 2012

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Annonciata,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana, wewe na wote mlio nyumbani Bukavu. Magoti ya Mama yanaendeleaje na mvua hizi? Bado anakataa fimbo? Huku tu wazima. Mke wangu Divine amepona malaria na amerudi sokoni kuuza mkaa. Maharage yamechanua, ila magugu yamenishinda, na sababu yake utaisoma hapa.

Juzi ulinikatia simu. Sikulaumu, hata mimi ningekata. Lakini ulikata kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Barua hii ataileta Gatete, yule muuza vitenge, ambaye anapanda basi Jumatatu.

Kinanda cha kwaya yenu kimekwama Mbarara. Hakijaibiwa wala hakijaharibika. Kimekwama kwa sababu tumekipendezesha.

Unakumbuka mlipokuja Agosti kwenye mkutano wa kwaya, ulitia sahihi mpakani karatasi ya kuingiza kitu kwa muda. Mkaondoka, mkatuachia kinanda turekodi nyimbo zetu, na karatasi ukaiacha ndani ya kitabu changu cha nyimbo bila kusema neno. Yaya, mimi nilidhani ni risiti. Nimeitumia miezi miwili kuweka alama kwenye wimbo wa 84! Ungenieleza tu, hata kwa dakika moja.

Tulipomaliza kurekodi, tukafanya kama tulivyolelewa. Wewe unajua Mama hajawahi kurudisha sufuria ya jirani ikiwa tupu, wala na masizi yake. Kinanda kilikuwa na mikwaruzo, na kifuniko kimepasuka. Ulrich, mpiga ngoma wetu, akaziba ufa, akapiga msasa kote, akapaka rangi ya bluu, akaandika ubavuni jina la kwaya yenu kwa rangi nyeupe. Divine akashona mfuko wa kitenge. Tulikiombea, tukaimba. Nilijivuna, nakwambia ukweli.

Nikaomba ruhusa ya kutoka kambini pale Base Camp, kwenye ofisi ya wakimbizi, nikakipeleka Mbarara kwenye ofisi ya forodha ili wakikague kabla ya safari ya mpakani. Aliyenipokea ni dada mmoja anaitwa Mackline. Akasoma karatasi, akatazama kinanda, akasoma tena.

"Mzee, hii kitu iliingia nyeusi. Sasa inatoka bluu. Namba yake iko wapi?"

Namba ilikuwa kwenye kile kibati cha nyuma. Ulrich alikipiga msasa na kukipaka rangi pamoja na vingine vyote.

Hapo ndipo nilipofundishwa, mbele ya watu wote waliopanga foleni. Kitu kinachoingia kwa muda hakilipiwi ushuru kwa sababu kimeahidi kurudi, na lazima kirudi kilekile, kama kilivyokuja, kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kikibadilika, watajuaje kwamba cha kwanza hakijauzwa huku na hiki si kingine? Tarehe ikipita, kinachukuliwa, na jina la aliyetia sahihi linabaki kwenye vitabu vyao. Jina hilo ni lako, Yaya, na kinanda ni cha kanisa lenu. Najua wazee wa kanisa watakavyokutazama.

Nimekwenda Mbarara mara nne. Mara ya kwanza kukaguliwa, ya pili mkubwa wao hayupo, ya tatu umeme hakuna, ya nne wakaniuliza mimi ni nani hata nikisimamie kinanda ambacho hakina jina langu. Nilitaka kulia. Niliporudi nikamgombeza Ulrich, naye akanijibu kwa uchungu: "Kumbe mulitaka turudishie batu kitu yabo na vumbi?"  Mimi ndiye niliyemnunulia rangi.

Juzi Mackline alinionea huruma. Tulikisugua kile kibati kwa petroli pale uani, na tarakimu sita kati ya tisa zikatokea. Amesema zitatosha ikiwa mwenye sahihi atafika mwenyewe mpakani Katuna, na picha ya zamani ya kinanda na risiti ya dukani. Mimi nitakileta upande huu. Mwisho ni Ijumaa tarehe 30, kwa hiyo njoo Alhamisi, usingoje siku ya mwisho. Ile picha ya Pasaka inafaa, ufa unaonekana. Ukinikasirikia, nikasirikie hukohuko Katuna, lakini uje.

Nisalimie shemeji Bonaventure na mtoto wenu Gradi. Mwambie mjomba hajasahau mpira wake.

Kuna ombi moja lililobaki. Mje na Mama. Najua ni mbali na ataumwa, lakini nimeisoma karatasi ile mpaka nimeikariri, na inanikera. Mimi waliponiandikisha ukimbizi pale Kabazana mwaka 1998 waliniambia pia ni kwa muda, na hawakuandika tarehe. Niliondoka nyumbani nina nywele nyeusi na meno yote. Sasa nina mvi, kovu la shavuni, na mguu huu unaochechemea. Mimi siwezi kuvuka, ila yeye anaweza kusimama ng'ambo ya kizuizi akanitazama. Tafadhali usimwonyeshe kwa kidole mimi ni yupi. Acha anitafute mwenyewe.

Mungu awalinde njiani na awafikishe.

Mdogo wako akupendaye na anayekusumbua,
Musoni