Kaka, Sikumuua Baba

Mbagala, Temeke,
Dar es Salaam.

Kaka Issa,

Shikamoo. Najua hutaiitikia, lakini nimeshaitoa na itabaki hapo hapo, siku ukipoa utaiokota. Mgongo wako je, ule uliokushika msimu wa kupulizia mikorosho dawa, umepata nafuu? Wifi ananiambia umehamia kwa baba mdogo tangu mama akae eda, na kwamba chakula akikuletea unakula nusu. Kula, kaka. Ugomvi wako ni na mimi, ugali haujakukosea.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na ule ujumbe wa sauti niliokutumia umeufuta kabla hujausikiliza. Karatasi haifutiki. Kuichana unaweza, ila nakujua, hutachana kitu bila kwanza kusoma kinasema nini. Nampa jirani yangu Mama Zaituni, anakuja huko kumwona binti yake aliyejifungua. Nimemwambia akuwekee mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sina. Bado nipo pale pale kwenye steshenari, natoa fotokopi na kuwachapia watu barua za kuomba kazi. Mvua zimeharibu njia ya kwetu mpaka tunapita uani kwa watu. Nikitoka kazini naandika hadithi zangu, na nikimaliza moja naipeleka Mikocheni, kwa yule kijana wa kipindi cha hadithi redioni. Naye kila nikifika ananipokea kwa maneno yale yale: "Sista Somoe, wee kila siku watu wamehama, watu wamepotea. Watu wanataka mapenzi bwana, wanataka fumanizi." Namjibu kwamba fumanizi sijawahi kuliona, nitaliandikaje. Anacheka, anaipokea hivyo hivyo.

Hiyo iliyotuletea balaa aliipokea hivyo hivyo. Acha nirudie ilivyokuwa siku ile kama nilivyosimuliwa na wifi, unisahihishe nikikosea.

Ulikuwa ghalani kwenye chama cha msingi, korosho zako ziko juu ya mzani. Akaja mtu akakushika mkono akasema, "Pole kwa msiba, Issa." Ukauliza msiba wa nani. "Wa baba yako. Si wametangaza redioni sasa hivi?" Ukaacha magunia ukakimbia. Ulifika mlangoni umepoteza kandambili moja, na mama alikuwa ameshavua bangili, ameshajifunga kaniki, amekaa kitako chumbani ameelekea ukutani. Wanawake wameanza kuingia na vitenge mabegani. Ukaisikia redio bado inasoma, ukasema kwa sauti kuwa hiyo ni hadithi tu, ni Somoe na mambo yake, lakini nani amsikilize mwanamume anayefoka msibani. Hata mtani wetu Mzee Chikambo alifika. Alisimama mlangoni akaanza zile zake: "Bakari, mwoga wewe, umekufia redioni ili tusikudai?" Watu wakacheka kidogo. Halafu akasema, "Sasa mtani wangu nikutanie wapi, na maiti yenyewe sina?" Akakaa chini akalia.

Jioni ile ndipo uliponipigia. Ulisema, "Umemuua baba redioni. Njoo umfufue mwenyewe mbele ya wazee." Ukakata. Tangu hapo sijasikia sauti yako, na maneno hayo nalala nayo na kuamka nayo.

Uliuliza na jambo jingine kabla hujakata, nami sikukujibu kwa sababu nilikuwa nalia. Uliuliza, kama ni hadithi, kwa nini hukubuni? Huo ndio ufundi wenu, ulisema, si mnabuni? Swali lako ni la haki na nimelifikiria sana.

Kaka, nabuni. Nakaa na kalamu nasema leo nitamwandika mfanyabiashara wa Sinza, ana gari, ana wake wawili. Ukurasa wa pili huyo mfanyabiashara ameanza kutembea kwa miguu kwenda kwenye mahame kupalilia mikorosho aliyoiacha siku walipohamishwa kwenda kijiji kipya. Huyo si mfanyabiashara wa Sinza. Huyo ni baba. Ni baba aliyehamishwa akiwa kijana, akaacha nyumba, miti na kaburi la mama yake, na kila Ijumaa alirudi kufagia pale ambapo pameshaota majani. Sikumwona akihama, sikuwa nimezaliwa, lakini nilimwona akirudi huko. Nilipanda mabegani kwake nikaona. Basi kila mtu ninayemwandika ana mahali alipoachishwa, na anarudi kufagia. Sijui kuandika mtu asiye hivyo. Korosho zilipokosa bei, baba alipokuja huku kubeba mizigo bandarini asirudi tena, hiyo ikawa sehemu ya pili ya kila hadithi yangu: mtu anaondoka, anaahidi. Sehemu ya tatu sikuwahi kuwa nayo, kwa sababu hata sisi nyumbani hatukuwa nayo.

Sehemu hiyo ya tatu niliifuata Kurasini, kule bandarini. Sikukwambia kwa kuwa ungeniuliza nimepata nini, na sikupata kitu cha kukushika mkono nikakuonyesha. Nilizunguka huko kwenye yadi za makontena, kati ya malori na vijana wa wakala wa forodha, nikiuliza kama kuna kuli wa zamani aliyewajua watu wa kusini. Nikaonyeshwa mzee mmoja anayeuza kahawa, mgongo wake umepinda kwa ile kazi. Nikamtajia jina la baba, Bakari Lihumbo. Akatikisa kichwa.

"Majina hatukuwa nayo, mwanangu," alisema. "Tuliitanaga kwa kwetu. Huyu Songea, huyu Kilwa, yule Newala. Jina la mtu la nini na kazi inakungoja?"

Nikamuuliza habari za huyo Newala, mtu wa kwetu. Akasema walikuwepo kina Newala zaidi ya mmoja. Mmoja alirudi kwao. Mwingine aliangukiwa na mzigo. Walichanga, wakamzika, wakataka kupeleka tangazo redioni ili ndugu zake wasikie, na hapo ndipo walipotazamana. Hakuna aliyejua wamtangaze nani. Wangesema Newala kafariki, habari ziwafikie watu wa Newala? Tangazo likaishia hapo, wakarudi kubeba mizigo. Nilimuuliza walimzika wapi. Akasema wanaojua wametangulia.

Sijui kama alikuwa baba, kaka. Nasema tena ili usije ukasema nilificha: sijui. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na tangazo ambalo halikutolewa, na tangazo la namna hiyo mimi na wewe tunalijua kuliko watu wote.

Unakumbuka ilivyokuwa ukifika wakati wa matangazo ya vifo. Mama aliacha kutwanga, mchi mkononi. Mtoto aliyekohoa alitolewa nje. Tulisikiliza majina ya watu wa Singida, wa Bukoba, wa sehemu tusizozijua, mpaka msomaji amalize, na mama alisema "Alhamdulillahi" akaendelea kutwanga. Mimi nilidhani ni ibada, kama adhana. Nilikuwa mkubwa nilipoelewa alichokuwa akikisikilizia, na kwamba kila siku alikuwa akishukuru na kukata tamaa kwa pumzi moja. Mimi kuandika nilijifunzia pale. Mwalimu wa shule alinipa herufi tu.

Basi nikaandika hadithi ya kuli aliyeitwa Newala, na nikaimaliza kwa kumpa tangazo lake. Nilianza na jina la kubuni, naapa. Nikamwita Hassani nani sijui. Nikalisoma likawa tangazo la mtu baki, halikunigusa, nikalifuta. Nikambadilisha jina mara nyingine, yale yale. Mwisho mkono ukaandika wenyewe: Bakari Lihumbo wa Newala, habari ziwafikie mkewe Fatuma binti Selemani, mwanawe mkubwa Issa na binti yake Somoe, popote walipo. Nikaliacha hivyo. Nilijua litasomwa huku, kwa watu wasiotujua. Sikujua kwamba redio hiyo siku hizi inashika mpaka kwetu, wala kwamba kijana wa Mikocheni ataamua kulisoma tangazo mwanzoni, ili hadithi ianze kwa kishindo, na kwa ile sauti nzito ya zamani. Nilipolalamika alisema, "Sista, si ndo utamu wenyewe?"

Unataka nije nimwambie mama ainuke. Nilishamwambia, kaka. Siku ya tatu wifi alimpelekea simu chumbani. Sikiliza aliyonijibu, halafu uamue.

Nilisema, "Mama, ile ni hadithi. Mimi ndiye niliyeiandika."

Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua ni hadithi. Mwanzo sikujua, nilisikia jina nikatoka duniani kidogo. Halafu yule kijana akaendelea kusoma mambo ya makuli na makontena, nikasema, ah, huyu Somoe. Kaka yako anafika na kelele zake mie nimeshajua."

"Sasa kwa nini umekaa eda?"

Nilimsikia akimwambia wifi arudishe mlango. Kisha akasema, "Mwanangu, tangazo hilo nalingoja tangu wewe hujaota meno ya pili. Waliotakiwa kulitoa hawakulitoa. Umelitoa wewe. Ningoje la nani tena?" Na akasema, "Mie si mke, si mjane. Nikienda kwenye shughuli za watu sijui nikae na kina nani. Niacheni na mie niwe kitu kimoja."

Nilikaa chini sakafuni pale steshenari, mteja anataka fotokopi.

Shehe alishasema zamani kuwa mume akipotea miaka mingi mke ana njia, anaweza kukaa eda akawa huru. Ulikuwepo. Mama alimjibu, "Mwulizeni Issa." Nawe ndiyo kwanza sauti inavunjika, ukasema, "Baba aliniambia, nyumba nakuachia wewe mpaka nirudi, na baba hasemi uongo." Basi mama akafunga mlango wa jambo hilo. Haya hakuniambia yeye, nasema mimi: hakumngoja baba peke yake. Alikulinda wewe usije ukawa mtoto aliyepewa nyumba na mtu asiyerudi. Nawe ukamlinda yeye. Mpaka leo una mvi na bado unasema "shamba la baba, mie naangalizia tu." Mmelindana mpaka mmezeeka. Nikifikiria hilo nakosa hata hasira za kukujibu.

Kabla ya kuaga mama alinisahihisha. "Hadithi yako ina kasoro," alisema. "Umemfisha, umemtangaza, hukumzika. Kazikwa wapi?" Nilikuwa nimeishia kwenye tangazo kwa sababu mzee wa kahawa naye aliishia pale. Mama akasema, "Basi mzike. Nikitoka eda nataka niwe na pa kwenda kumsomea."

Ndiyo kazi niliyonayo sasa, na haitasomwa redioni, ni ya mama tu. Baba nimempeleka kwenye mahame, karibu na mama yake, ili yule bibi tuliyemwacha peke yake naye apate mtu. Nimewaandika watu wetu wote. Mzee Chikambo yupo, amekaa ukingoni mwa kaburi na miguu ndani, anakataa kutoka mpaka apewe chake. Mwanandani umechimbwa vizuri. Jeneza limefika. Na hapo nimekwama, karibu wiki mbili sijaongeza neno, kwa sababu lazima mtoto wa kiume ashuke kaburini ampokee baba yake, na baba ana mtoto wa kiume mmoja. Ningeweza kukushusha tu, kalamu ni yangu. Lakini jina lako nimelitumia mara moja bila kukuuliza, na nimeona lilikokufikisha, unakimbia na kandambili moja.

Ukinijibu hapana, nitaiacha ilivyo, na nitakuja kusimama mbele ya wazee niseme chochote utakachotaka niseme.

Mpe salamu wifi yangu, mwambie Mungu amlipe kwa kubeba maneno ya pande zote mbili bila kuyatia chumvi. Salamu kwa baba mdogo aliyekupa pa kulala, na kwa shangazi anayempikia mama uji. Wanao wabusu kila mmoja kwa jina. Mama usimpe salamu zangu kwa mdomo, pita ndani ukakae naye, atajua.

Watu wamesimama juani, kaka, na baba yuko mabegani mwao. Niambie kama unashuka.

Mdogo wako,
Somoe