Majani ya Mwika yaliyozuiwa kuingia Mwika

Jumapili, Julai. Moshi kuna baridi ya kukunja vidole, na mlima hatujauona wiki nzima kwa mawingu. Nimetoka Mwika kwa Mama mchana huu, nimepita hapa intaneti kafe na matope yangu viatuni. Dada wa kaunta ameninunia. Aninunie tu, leo nina ya kuandika.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu: karani kwa wakala wa kugomboa mizigo. Kutwa nzima nawaimbia watu wimbo mmoja. Andika kila kilichomo kwenye boksi, hata kama ni kijiko. Forodha hawakatazi kijiko, wanakataa kijiko ambacho hukukisema.

Basi Ijumaa aliyeumbuka ni mimi.

Kaka yangu Eliudi yuko Ujerumani. Alikwenda kusoma, akapata kazi, akaoa, akakaa. Anapiga simu Krismasi, na Mama akishaweka simu chini anaiacha chai yake mpaka inapoa. Mwaka huu miguu ya Mama imegoma kabisa, Eliudi akasema anatuma kiti cha magurudumu kwa ndege. Mimi nikashukuru, Mama akasema tu, "Sawa." Nyie, Mama yangu halilii miguu. Analilia mtoto. Amejiaminisha kwamba Eliudi ametusahau, na kiti ni cha kutuziba mdomo.

Makaratasi nilijaza mwenyewe kwa mbwembwe zote: kiti cha magurudumu, kimoja, cha mgonjwa, kinaombewa msamaha wa ushuru. Msamaha ukatoka. Nikaenda ghala la mizigo pale uwanja wa ndege nikiwa nimevaa vizuri kabisa, maana maafisa wananijua.

Afisa akakata boksi. Kiti kipo. Na katikati ya kiti, kimebanwa kwa kamba, kikapu kimejaa mpaka mdomoni. Sweta, soksi za sufu, chokoleti, redio ndogo, kitenge kabisa! Sijui kitenge amekipata wapi huko.

"Dada," akasema afisa, taratibu, "na hivi navyo ni kiti?"

Yesu wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Lakini kikapu nilikijua pale pale. Ni cha Mama. Siku Eliudi anaondoka alimjazia ndizi zilizokaushwa na kahawa ya kukaanga ya kihambani, shamba letu la nyumbani. Na kwetu, mtu akikupa kitu kwenye chombo chake, chombo humrudishii kitupu. Ukiletewa maziwa kwenye kibuyu, unarudisha na mahindi, na kama huna mahindi unatia hata chumvi. Eliudi kakaa Ulaya miaka yote hiyo, lakini kukirudisha kikapu cha mama yake kitupu kumemshinda. Na kwa akili zake, vilivyomo kwenye kikapu si mzigo, ni adabu. Utaiandikaje adabu kwenye ankara?

Nikamweleza afisa hivyo hivyo. Akacheka, akasema kwao pia ni hivyo. Kisha akaniambia nikarekebishe tamko la mzigo, vitu vitathaminiwa, nilipie ushuru wake. Hakunipendelea wala hakunionea. Nikalipa.

Shida ilikuwa ndani ya kikapu, chini kabisa.

Tulipomimina vitu yakatokea majani makavu ya mgomba, yamekunjwa vizuri kwa mikono ninayoijua. Mama ndiye aliyetandika siku ile. Eliudi hakuyatupa. Miaka yote hiyo!

Akaitwa mkaguzi wa mimea, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole. Nikamwamkia, nikamwambia haya majani yametoka Mwika, juu hapo tu, yanarudi nyumbani.

"Yalizaliwa Mwika, mwanangu," akaniambia, "lakini leo yametoka Ujerumani." Hayana cheti cha afya ya mimea, hayaingii, yanachomwa. Na kweli sheria ndivyo ilivyo, mimi mwenyewe huwa nawaambia wateja. Nikaanza kulia kama mtoto, mbele ya watu wanaoniita bosi. Yule mama akaniachia niyashike kwanza kabla hajayatia kwenye mfuko. Yalikuwa yananukia kabati.

Njiani nilifikiria kukata mengine kwa jirani pale Rau ninapoishi, nimdanganye Mama. Nikaona haya.

Jana wapwa zangu wakabeba kiti begani mpaka uani, maana njia yetu ni ya mbuzi. Mama hakukitazama. Alinyoosha mkono kwenye kikapu, akaupitisha chini ya masweta, akapapasa.

"Majani yangu yako wapi?"

Nikamwambia yote. Kwamba Eliudi aliyatunza, kwamba yamefika hadi uwanja wa ndege, kwamba yamechomwa.

"Aliyatunza?"

"Aliyatunza, Mama."

Akajifunika uso na khanga. Alipofunua alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi sijamwona Mama akicheka tangu masika. Ndipo akakubali kukalishwa kwenye kiti. Akaamuru asukumwe migombani. Tukakwama kwenye mfereji, matope mpaka magotini, yeye anatugombeza kwa Kichagga na kufurahi. Alivuta majani makavu ya mgomba wa mchare kwa mkono wake, akatandika kikapu upya, akaagiza kahawa na ndizi za kukausha.

Karani mimi nikachangamka. Nikamwambia safari hii naandika kila kitu, na cheti cha majani natafuta.

"Huandiki kitu," akasema. "Kitundike pale. Mwambie kikapu chake kiko tayari, aje akichukue mwenyewe."

Nimekitundika kwenye msumari ulio juu ya kitanda alicholala Eliudi akiwa kijana. Kesho asubuhi nampigia, kabla hajaenda kazini. Habari za ushuru nitamficha. Nitamwambia tu kwamba kikapu kimeshatandikwa, na Mama amesema chumba kifagiliwe.