Sanda ya Chirau

Msambweni, Machi 1956

Kaka Abdurahman, huko Mombasa,

Asalaam aleikum. Mvua bado, na mihogo inanyauka.

Kaka, aliyekufa ni Sheikh Chirau wa Diani. Chirau mpiga ngoma, baba yetu, yu hai. Wanaokuja kutupa pole anawapokea mwenyewe na kuwapa kahawa, nao wanacheka, kisha wanakwenda Diani kumlilia sheikh. Nimechoka kueleza.

Sanda uliyompa dereva wa basi imefika, pamoja na maneno yako kwamba kazi haikuruhusu kuja kuzika. Tangu uende huko baba anakuita uje umwone, huji. Jana aliikunjua ile sanda, akajipima mbele yangu. Amesema nikushukuru, inamtosha.

Nduguyo,
Mwanapili