Jina Nililozipa Treni za Australia

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Ijumaa haijafika, maana hata mke wangu Bridget sijaweza kumwambia. Mimi ni dereva wa basi hapa Edmonton, kaskazini mwa London, na ugonjwa wangu tangu zamani ni injini za dizeli za treni za Australia, nchi ambayo sijaikanyaga, na miaka kumi na miwili iliyopita, baridi yangu ya kwanza London, niliingia kwenye jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa treni hizo nikakuta wanabishana, kwa sababu shirika la reli linaziita injini fulani zote kwa namba moja tu, ilhali za mwisho kutengenezwa zina pua fupi na madirisha mapana, hata mtoto angeona hazifanani na nyingine, basi mimi nikaandika kwamba hizo za mwisho huitwa Placida. Placida ni mama yangu, yuko Nakuru, siku hiyo nilikuwa nimemkumbuka sana. Walipouliza jina nimelitoa wapi nikajibu, Mungu anisamehe, kwamba ndivyo mafundi wa kule wanavyoziita.

Nilidhani litakufa. Mshauri, halikufa! Sasa Waaustralia wenyewe wanaandika "Placida" chini ya picha zao, na mtu mwingine ameongeza kwamba Placida alikuwa mke wa injinia mkuu. Rafiki yangu Mahir, mzee wa Mombasa anayeishi Tooting, kusini mwa London, amehangaika miaka sita akiandika kitabu cha injini hizo, na Jumapili alinisomea sura inayosema Placida ni jina rasmi la shirika. Chai ikanimwagikia mapajani. Akasema, "Kamande ndugu yangu, hii chapter nimekutunukia wewe, bila wewe singejua kuna Placida. Ijumaa inaenda printers, baada ya hapo hakuna changes." Na mimi nikampongeza! Nikisema ukweli nampoteza rafiki, nikinyamaza wataalamu watamcheka uzeeni. Nifanye nini?

Kamande, Edmonton

Mshauri anajibu:

Kamande, umeniacha mdomo wazi. Nimezoea barua za waume wenye nyumba mbili. Aliyedanganya bara zima kuhusu treni, wewe ndiye wa kwanza. Pole kwa upweke wa baridi ile, na kuipa injini jina la mama si dhambi. Watu hukipa wanachokipenda jina walilolichagua wenyewe, ndiyo maana nyumbani hakuna anayekuita kwa jina la pasipoti. Dhambi yako ni wale mafundi uliowabuni, na ile pongezi ya Jumapili ni mbaya zaidi, kwa sababu Mahir alikuwa mbele yako na mdomo ulikuwa nao.

Mficha uchi hazai, ndugu. Usimtumie meseji. Gazeti hili linasomwa Tooting pia, kwa hiyo vaa viatu uende leo, umwambie kabla hujakaa. Atafoka, mwache afoke, usijitetee. Kisha irekebisheni sura hiyo pamoja: namba ya shirika iandikwe kuwa ndiyo rasmi, Placida iandikwe kuwa jina la wapenzi, nani alilibuni, mwaka gani na kwa nini. Yule mke wa injinia mkuu afutwe. Kitabu kikisema hivyo hakuna atakayemcheka Mahir. Watakucheka wewe, na unastahili.

Ukirudi, mwambie Bridget. Halafu piga simu Nakuru. Miaka kumi na miwili watu wasiomjua wanalitaja jina la mama yako, na mwenyewe hajaambiwa.